Tundu la shingoni si hukumu ya kifo: tuelewane kuhusu bomba la hewa na utafiti wake

Familia ya hapa Mwanza ikiambiwa mgonjwa wao ana shida kwenye njia ya hewa, kauli mbili hazikosekani. Ya kwanza: "Wakishamtoboa koo, huyo harudi nyumbani." Ya pili: "Hao wanataka kumfanyia majaribio." Zinasemwa kwenye mabenchi nje ya wodi, kwenye daladala, hata msibani, na wanaozisema hawana nia mbaya. Wamewahi kumwona mtu akitobolewa shingo na baada ya siku chache akafariki. Wamesikia habari za Ulaya za mtu aliyewekewa koo la plastiki. Lakini kauli hizo zinamchelewesha mgonjwa ambaye dakika kumi kwake ni nyingi mno. Kwa hiyo tulichambue jambo hili tangu mwanzo: bomba la hewa ni nini, linaharibikaje, linatibiwaje, na hayo "majaribio" ni kitu gani hasa.

Bomba lenye mbavu

Hewa ikishapita puani au mdomoni inafika kwenye zoloto, pale zilipo nyuzi za sauti, kisha inaingia kwenye bomba ambalo madaktari huliita trakea. Ukipapasa shingo yako kwa mbele, chini ya kile kikoromeo kinachopanda na kushuka ukimeza mate, utahisi vipingili vigumu. Hilo ndilo bomba lenyewe. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi na upana wa karibu sentimita 2. Vipingili hivyo ni gegedu, kati ya 16 na 20, na kila kimoja kina umbo la herufi C: mbele na pembeni kigumu, nyuma wazi. Huko nyuma limeegemeana na umio, yaani mrija wa chakula.

Kwa nini Mungu ameliwekea mbavu? Nenda kwenye bustani za mboga kandokando ya ziwa, utazame mipira miwili ya pampu ya kumwagilia. Ule unaozamishwa ziwani una mbavu ngumu zilizouzunguka mwili mzima. Ule unaopeleka maji kwenye matuta ni laini, na ukikosa maji unalala bapa. Mkulima akijaribu kunyonya maji kwa ule mpira laini hapati kitu, maana pampu ikivuta tu, mpira unajibana wenyewe. Kuvuta pumzi nako ni kunyonya. Bomba la hewa lisingekuwa na gegedu lingejibana kila tunapovuta.

Hapo ndipo unapoelewa magonjwa yake, kwa sababu mengi yanaangukia mahali pawili. Ama mbavu zimelegea au kuvunjika, kwa hiyo ukuta unajikunja mgonjwa akivuta hewa. Ama ndani kumeota kitu, kovu, uvimbe au kinundu, na nafasi imekuwa ndogo. Wakati mwingine kinachobana kiko nje, kama rovu kubwa la shingoni linalolisukuma bomba upande mmoja.

Ukubwa wa nafasi hiyo una hesabu yake, na hesabu hiyo ni ya kikatili. Upana wa mrija ukipungua nusu, ugumu wa hewa kupita hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 16, na hewa ikianza kuzungukazunguka badala ya kupita sawasawa, hali inakuwa mbaya zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuishi na bomba lililobana bila kujua. Likifika milimita 8 hivi anaanza kuhema akipanda mlima au akibeba ndoo. Likifika milimita 5 anahema akiwa amekaa kwenye kiti. Kutoka "anachoka haraka siku hizi" hadi "mkimbizeni hospitali" ni tofauti ya milimita tatu tu. Kwa mtoto mchanga ni balaa zaidi: sehemu yake nyembamba, chini kidogo ya nyuzi za sauti, ina upana wa milimita 4 au 5. Uvimbe wa milimita moja kuizunguka unaiacha nusu ya upana au zaidi kidogo tu.

Si kila kifua kinacholia ni pumu

Huku kwetu anayehema kwa sauti hupewa jina moja, pumu, na hununuliwa dawa ya kupuliza. Wengi wao kweli wana pumu. Ila kuna tofauti ambayo hata mtu asiye mtaalamu anaweza kuisikiliza. Pumu hubana vijia vidogo vilivyo ndani ya mapafu, na mluzi wake husikika zaidi mtu anapotoa pumzi. Bomba likibana shingoni, sauti huwa nzito, ya kukwaruza, na husikika zaidi anapovuta pumzi ndani. Kumbuka ule mpira unaonyonya.

Kwa hiyo mgonjwa "wa pumu" ambaye dawa za pumu hazimsaidii hata kidogo, hasa kama aliwahi kulazwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, aliumia shingo au ana uvimbe shingoni, anahitaji daktari wa masikio, pua na koo amwangalie kwa kamera. Kumwongezea dawa ya kupuliza hakutalifungua kovu. Hata nyungu hailifungui. Wapo waliojifukiza hadi ngozi ya uso ikababuka, na kovu likabaki pale pale. Juu ya mvuke upo hata utafiti: mwaka 2006 madaktari wa Canada walitangaza matokeo ya watoto 140 waliofika hospitali na uvimbe wa koo unaoleta kikohozi cha kubweka, wengine wakipewa hewa yenye unyevu mwingi na wengine yenye unyevu mdogo. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Kinyume chake, dozi moja ya dawa iitwayo deksamethasoni, iliyojaribiwa kwa watoto 720 waliokuwa na uvimbe huo kwa hali nyepesi, ilipunguza karibu kwa nusu idadi ya waliorudi kutafuta matibabu: kutoka asilimia 15.3 hadi 7.3. Dawa hiyo ni ya bei nafuu sana.

Kimeo nacho kinastahili neno. Mtoto akikohoa wiki mbili, shangazi mmoja hakosi kusema kimeo kimerefuka, akatwe. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kiko juu ya ulimi, mbali na bomba la hewa, na wala hakizuii hewa kuingia kwenye mapafu. Kukikata kwa wembe nyumbani kumeleta damu isiyokatika, vidonda vilivyooza na pepopunda, na damu hiyo inaweza kumwingia mtoto kwenye bomba la hewa lililokuwa zima. Kikohozi kinachodumu kina sababu yake. Katika umri mdogo sababu hiyo mara nyingine ni karanga.

Karanga iliyonyamaza

Katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, madaktari Gilyoma na Chalya walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa 98 waliotolewa vitu vilivyokwama kwenye njia ya hewa au ya chakula. Kwenye umio kilichoongoza ni sarafu. Kwenye njia ya hewa kilichoongoza ni karanga.

Hili lina tabia ya kudanganya, ndiyo maana nalikazia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatafuna karanga huku anakimbia au analia. Magego yake ya kusaga hayajakamilika. Anapaliwa, anakohoa sana, macho yanamtoka, kisha ghafla anatulia. Nyumbani wanamshukuru Mungu, wanampa maji, wanaendelea na shughuli. Kumbe kikohozi kimetulia kwa sababu karanga imeshuka kutoka kwenye bomba kubwa hadi kwenye tawi la upande mmoja, mara nyingi la kulia kwa kuwa ni pana na limenyooka zaidi. Huko inakaa kimya. Mafuta yake yanauchoma utando, utando unavimba, upande ule wa pafu unaacha kupata hewa. Baada ya siku kadhaa homa inapanda, na mtoto anatibiwa nimonia. Anapona kidogo, inarudi. Picha ya eksirei inaweza isionyeshe kitu, maana karanga haionekani kwenye eksirei kama sarafu inavyoonekana.

Mara nyingi kinachomwokoa mtoto huyo ni swali moja la daktari: "Mama, siku ile alipoanza kukohoa alikuwa anakula nini?" Ukiwa wewe ndiye mama, au bibi uliyeachiwa mjukuu, usingoje kuulizwa. Sema tu kwamba alipaliwa, hata kama ni wiki tatu zimepita.

Wakati anapaliwa penyewe, kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Kama hatoi sauti na anabadilika rangi, mtoto wa chini ya mwaka alazwe kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni kati ya mabega mara tano, kisha ageuzwe na kubonyezwa kifuani mara tano, ikirudiwa huku wengine wanatafuta usafiri. Aliyezidi mwaka hupigwa mgongoni mara tano, kisha akabanwe tumboni juu ya kitovu mara tano kutoka nyuma. Usitumbukize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Na mwiba wa sato au sangara, ambao kwa kawaida hukwama kwenye koo au umio, usiuteremshe kwa tonge kubwa la ugali. Tonge linaweza kuuzamisha kwenye nyama.

Tundu la shingoni

Sasa turudi kwenye ile kauli ya kwanza. Njia ya juu ikiziba kabisa, kwa uvimbe, kwa taya na shingo vilivyovunjika kwenye ajali ya bodaboda, au kwa saratani ya zoloto, daktari hutoboa tundu dogo mbele ya shingo, chini ya kizuizi, na kuingiza mpira mfupi uliopinda. Hewa inapita hapo badala ya mdomoni. Tundu halitibu ugonjwa. Linamnunulia mgonjwa muda wa kutibiwa.

Je, ndilo linaloua? Swali hili limejibiwa hapa hapa Mwanza. Gilyoma, Balumuka na Chalya walipekua kumbukumbu za miaka kumi za wagonjwa 214 waliotobolewa Bugando, na wakachapisha matokeo mwaka 2011. Zaidi ya nusu walikuwa wameziba njia ya hewa kwa sababu ya majeraha. Wengi wa waliosalia walikuwa na uvimbe au saratani. Asilimia 13.6 walifariki. Lakini waliofariki waliuawa na ugonjwa au majeraha waliyokuja nayo, na hakuna hata mmoja ambaye kifo chake kilitokana na tundu. Kati ya waliopona, zaidi ya saba kwa kila kumi walitolewa mpira. Na matatizo yalikuwa mengi zaidi kwa waliotobolewa kwa dharura kuliko kwa waliotobolewa kwa mpango, jambo ambalo kila familia inayoomba "tujadiliane kwanza hadi kesho" inapaswa kulisikia.

Wanaosema aliyetobolewa huwa bubu nao wamekosea, ingawa naelewa wanachokiona. Hewa ikitokea shingoni haipiti kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo sauti haitoki. Nyuzi zikiwa nzima, mgonjwa aliyepata nafuu hufundishwa kuziba mpira kwa kidole au kifuniko maalumu na kusema. Mpira ukitolewa, tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe. Anayepoteza sauti kabisa ni yule aliyeondolewa zoloto lote kwa sababu ya saratani. Hiyo ni operesheni nyingine.

Kuishi na tundu kando ya ziwa kuna mambo ambayo vitabu vya nje havitaji. Pua ndiyo inayopasha hewa joto, kuilowanisha na kuichuja, na sasa imerukwa. Makohozi yanakauka na kuwa gundi ndani ya mpira. Mpira mwingi una mrija wa ndani unaochomolewa: unasafishwa mara kadhaa kwa siku, unakaguliwa kwenye mwanga kama una kipande kilichoganda, unarudishwa. Kitambaa chepesi, safi, chenye unyevunyevu hufunikwa mbele yake kuzuia vumbi na inzi. Mama anayekausha samaki kwa moshi anapaswa kuiacha kazi hiyo kwa muda, kwani moshi unaingia moja kwa moja kifuani. Na mvuvi asiingie ziwani. Akianguka kutoka kwenye mtumbwi, kufunga mdomo hakutamsaidia, maji yatapita shingoni. Hata kuoga ni kwa ndoo, maji yakianzia chini ya kifua.

Puto dogo lenye lawama kubwa

Kuna ugonjwa wa bomba la hewa unaoletwa na tiba yenyewe, na ni haki watu waambiwe. Mgonjwa mahututi anapoingizwa mpira wa kupumulia kupitia mdomoni, karibu na ncha ya mpira ule kuna puto dogo. Linajazwa hewa ili lizibe pembeni, mate yasiteremke na hewa ya mashine isivuje. Nje, kando ya mdomo wa mgonjwa, kunaning'inia kijiputo kingine kinachoonyesha hali ya lile la ndani. Muuguzi hukibonyeza, au vizuri zaidi hukiunganisha na kipimo, kwa sababu vidole hudanganya. Presha inayokubalika ni kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Ikizidi hapo, puto linaukandamiza utando hadi damu haifiki. Utando unakufa, kidonda kinafika kwenye gegedu, kikipona kinaacha kovu, na kovu hujikunja.

Haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Mashine za kupumulia zilipoenea baada ya mlipuko wa polio wa Copenhagen wa mwaka 1952, wagonjwa walianza kuokoka na kisha kurudi wakikoroma. Mwaka 1969, huko Boston, madaktari Joel Cooper na Hermes Grillo walichunguza mabomba ya hewa ya watu waliofariki wakiwa na mipira, wakaonyesha hatua kwa hatua jinsi kidonda kinavyoanzia pale pale puto linapogusa. Baada ya hapo viwanda vilitengeneza maputo makubwa zaidi, laini, yenye presha ndogo. Ninauona huo kuwa utafiti uliookoa mabomba mengi ya hewa kuliko operesheni yoyote, na ni watu wachache wanaoujua.

Kovu hilo haliji siku mgonjwa anapotolewa mpira. Huja wiki au miezi baadaye, akiwa ameshasahau hospitali. Kwa hiyo anayeruhusiwa kutoka ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, aandikiwe kwenye cheti kwamba alikuwa na mpira, na kwa siku ngapi. Akianza kukoroma akivuta pumzi, hata akiwa Ukerewe au Sengerema, aonyeshe cheti hicho kwa daktari wa kwanza atakayemwona.

Tiba yake inategemea kovu. Jembamba hupanuliwa kwa puto kupitia mdomoni, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, au hukatwa kwa laza. Pengine huwekewa stenti, mrija unaoshikilia nafasi. Ule wa silikoni uliobuniwa na Jean-François Dumon wa Marseille ungali unatumika. Kovu nene hukatwa kabisa na ncha mbili nzima zikashonwa pamoja. Kwa mtu mzima inawezekana kuondoa hadi karibu nusu ya bomba. Mwaka 1995 kundi la Grillo lilitoa taarifa ya wagonjwa 503 waliofanyiwa hivyo, na kwa asilimia 93.7 matokeo yalikuwa mazuri au ya kuridhisha. Asilimia 2.4 walifariki. Ni operesheni kubwa inayohitaji mikono iliyozoea.

Hayo majaribio

Mwanza ni mji wa ajabu kuogopa neno hili, kwa kuwa dunia imejifunza mengi kutokana na majaribio yaliyofanyika hapa. Kati ya 1991 na 1994, maeneo 12 ya mkoa huu yaligawanywa. Sita yaliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, sita yakaendelea na huduma za kawaida. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande wa kwanza na 1.9 upande wa pili. Hakuna aliyedungwa kitu cha siri. Swali lilikuwa la wazi, na bila kundi la kulinganisha lisingejibika.

Tafiti zina ngazi. Ya chini ni kama ile ya mafaili ya Bugando: unaangalia nyuma, unahesabu. Inafaa sana kujua hali ilivyo, lakini haiwezi kukuambia tiba ipi ni bora, maana daktari huwachagulia wagonjwa wenye nguvu operesheni kubwa. Ngazi inayofuata ni kuwafuata wagonjwa kwenda mbele. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya wagonjwa 810 wenye bomba lililobana chini ya nyuzi za sauti bila sababu inayojulikana. Waliopanuliwa tu kupitia mdomoni, asilimia 28 ilibidi warudiwe. Waliokatwa kovu kupitia mdomoni na kuongezewa dawa, asilimia 12.4. Waliokatwa kipande chote chenye kovu na kushonwa, asilimia 1.2. Kwa takwimu hizo mtu akataka kukimbilia kisu, lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba kila njia ina gharama yake, na kwa waliokatwa na kushonwa sauti ndiyo iliyoathirika zaidi. Mwalimu na mwimba kwaya wanaweza kuchagua tofauti na mtu mwingine, na wote wakawa sahihi.

Ngazi ya juu ni kura. Wagonjwa wanaokubali wanapangwa kwa bahati nasibu, ili makundi yafanane. Uingereza ilifanya hivyo kwa wagonjwa 909 wa ICU: je, wanaoelekea kukaa muda mrefu kwenye mashine watobolewe shingo ndani ya siku nne, au isubiriwe hadi baada ya siku kumi? Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 30.8 kwa waliowahishwa na 31.5 kwa waliosubiri. Sawa tu. Ila kati ya waliosubiri, asilimia 44.9 pekee ndio waliofikia kutobolewa. Wengi wa waliobaki hawakuhitaji tena. Jaribio hilo limewaepusha watu wengi na kisu. (Hapa tunazungumzia wagonjwa ambao tayari wana mpira mdomoni. Aliyeziba koo njiani hana siku nne.) Mwaka 2007 Wafaransa nao walipiga kura kama hiyo: dawa ya kupunguza uvimbe ianzishwe saa 12 kabla ya kutoa mpira, au la? Waliopata uvimbe wa zoloto walipungua kutoka asilimia 22 hadi 3. Tena kwa dawa ya zamani, isiyo na makeke.

Na lile koo la plastiki? Habari ile ni ya kweli, na inatuhusu. Mwaka 2011, kwenye hospitali ya Karolinska jijini Stockholm, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea kijana wa Eritrea, mwanafunzi wa jiolojia aliyekuwa akisoma Iceland, bomba la plastiki lililopakwa seli za uboho wake mwenyewe. Jarida kubwa la kitabibu likatangaza mafanikio. Kijana yule alifariki Januari 2014. Wengine wawili waliofanyiwa hivyo hospitalini hapo nao wamekufa. Bomba lile halikuwa limejaribiwa kwa wanyama kwanza, wala kamati ya maadili haikuwa imetoa kibali. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu.

Watu huichukua habari hiyo kuwa ushahidi dhidi ya utafiti. Mimi naiona kinyume. Hapo utafiti ulirukwa, mgonjwa akafanyiwa kwanza, maswali yakaja baadaye. Linganisha na Emmanuel Martinod wa Ufaransa, aliyefanya kazi miaka mingi kwa kondoo kabla ya kugusa mtu. Mwaka 2018 alitangaza matokeo ya wagonjwa 20 waliokubali, 13 kati yao wakijengewa njia ya hewa kwa kipande cha mshipa mkuu wa damu kutoka kwa marehemu aliyejitolea, kikishikiliwa na stenti. Mmoja alifariki ndani ya siku 90, na taarifa ikasema hivyo waziwazi.

Nchini kwetu utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na majaribio ya dawa hupita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukiombwa kushiriki, wewe au mgonjwa wako, una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, kupewa nakala ya fomu, kuuliza nini kitatokea usiposhiriki, na kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Ukiona unaharakishwa kutia dole gumba, kataa. Ukielezwa vizuri, fikiria kukubali.

Lipo jaribio moja la Mwanza ambalo wengi hawajui kuwa linagusa bomba la hewa. Kuna watoto wanaoota vinundu kama chunjua kwenye zoloto, sauti inakauka, pumzi inabana, na vikikatwa vinaota tena, mara kumi, mara ishirini. Husababishwa na virusi vya HPV, aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Australia ilipochanja wasichana wake, ugonjwa huo kwa watoto ulishuka kutoka 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012 hadi 0.02 mwaka 2016. Hapa Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika jaribio la kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, na moja ya chanjo mbili zilizotumika hukinga pia aina ya 6 na ya 11. Kinga ya dozi moja ilionekana kutosha, na matokeo yao ni sehemu ya ushahidi ulioifanya dunia ikubali dozi moja. Tangu mwaka 2024 Tanzania inatoa dozi moja, bila malipo, kwa wasichana wa umri huo huo. Hulengwa hasa saratani ya mlango wa kizazi. Unapompeleka binti yako, muulize muuguzi kama chanjo iliyopo kituoni inakinga pia aina ya 6 na ya 11, kwa sababu si zote zinazofanya hivyo.